Beseni Moja, Vibati Kumi

Kyakimwa alipigwa kitako cha bunduki mchana kweupe, katika ua wa nyumba yake mwenyewe huko Kabondo, Kisangani, na aliyempiga alikuwa shemeji yake Zacharie, mtu ambaye Kyakimwa alimpikia lituma ya ndizi na kumfulia mashati kwa miaka mingi. Mfupa wa bega ulivunjika na kila aliyekuwapo akausikia. La kuudhi zaidi ni kwamba Zacharie alikuwa na hakika kabisa kuwa anamtendea haki. Mwizi anayejua kuwa ni mwizi una neno la kumwambia, lakini huyu utamwambia nini?

Tuliache bega kwanza. Mambo yote yalianza na mbuzi.

Kyakimwa alizaliwa huko Lubero, kwenye milima na baridi yake, na alipoolewa na Édouard baba yake alimpa mbuzi sita, akatamka mbele ya watu kwamba ni mali ya binti, si ya mume. Édouard alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na sabuni. Alimteremsha mkewe mpaka Kisangani, kwenye joto na mto mkubwa, na wale mbuzi wakauzwa njiani, Butembo. Mwaka 1993 wafanyabiashara tisa wa kwao walikuwa wanatafuta mtu wa kumi ili wanunue pamoja mashine ya kukoboa mpunga. Walimsubiri Édouard atoe fedha. Aliyetoa ni Kyakimwa, fedha za mbuzi wake, na akataka liandikwe jina lake. Walicheka sana, kisha wakaandika.

Hivyo akawa na hisa moja kati ya hisa kumi za mashine. Kila mwenye hisa alipewa bamba la shaba lenye ukubwa wa kiganja, na siku ya kugawana alilionyesha mlangoni. Hawakugawana fedha, kwani fedha ya Zaire siku zile ilikuwa inaozea mfukoni kabla mtu hajafika sokoni. Wakulima walilipia kazi kwa mchele, na mchele huo ndio uliogawanywa: bamba moja, beseni moja. Beseni la Kyakimwa lilikuwa la enameli, lenye ua jekundu lililochorwa ndani karibu na ukingo. Mchele ukifika kwenye ua, alijua haki yake imetimia. Édouard alipenda kumtania, "Mbuzi yako wamekamua leo?" Jina likabaki, na nyumbani kwao hisa ikaitwa mbuzi.

Vita vya kwanza vilimchukua Édouard. Mwaka 1997 askari waliokuwa wanakimbia walimkuta barabarani na baiskeli yake. Waliitaka, akawapa, na bado wakampiga risasi ya uso. Kyakimwa alimtambua kwa viatu. Hawakuwa wamepata mtoto, jambo ambalo ukoo wa mume haukuchoka kulisema, na aliyebaki naye nyumbani ni mama mkwe wake, Berthe, mwanamke mkavu, mchache wa maneno, aliyezaa wana wawili na sasa alikuwa na mmoja. Wajane hao wawili waliishi kwa ile mbuzi. Mchele mwingine waliupika, mwingine Kyakimwa aliuuza kwa kopo mbele ya mlango, akanunua mboga ya sombe, mawese na dawa ya macho ya Berthe. Hawakuwa na kingine duniani. Anayesema mali ni mali tu, angekwenda kukaa nao mwezi mmoja.

Kisha, Agosti 1999, majeshi mawili ya kigeni yaliyoingia nchini kama marafiki yaligombana na kupigana katikati ya mji, kana kwamba hatukuwa ndani yake. Wenye hisa wawili walikimbilia Butembo, wakaziacha hisa zao kwa ushirika. Mashine nayo ilikuwa inataka pistoni mpya. Zile hisa mbili ziliwekwa sokoni, lakini ni nani Kisangani mwaka ule aliyeweza kununua hisa nzima? Hakuna.

Mwenyekiti wao, papa Apollinaire, mtu wa miwani mizito aliyesoma seminari bila kuimaliza, aliita mkutano.

"Bon," alisema. "Hisa iko muzito sana kwa batu badogo. Tunaikata. Kila hisa inakuwa vipande kumi. Mwenye alikuwa na bamba moya, anarudisha ile bamba, anapata vibati kumi. Zile za batu benye walikimbia, tutauzisha kipande kipande."

"Na beseni yangu?" Kyakimwa aliuliza.

"Beseni yako iko ileile, mama Kyakimwa. Kibati moya, kopo moya. Makopo kumi inajaza beseni."

"Nani aliona inajaza? Mimi siamini mudomo, papa. Mumwage."

Ikabidi Arthur, fundi wa mashine, achote mchele na kumwaga kopo baada ya kopo ndani ya beseni lake, wanaume wakishusha pumzi kwa kuchoshwa. Kopo la kumi lilifika kwenye ua jekundu. Kyakimwa akainama, akatazama kwa jicho moja, akasawazisha kwa kiganja.

"Alors?" alisema Apollinaire.

"Alors, iko yangu."

Alielewa, basi. Hakuongezewa kitu, hakupunguziwa. Hata hivyo alichukia kurudisha shaba yake nzuri na kupewa vibati vilivyokatwa kwenye kifuniko cha sufuria, vimetobolewa na kutungwa kwenye waya. Arthur yeye alifurahi kupita kiasi. Kwa miaka yote aliihudumia mashine bila kuwa na hata msumari ndani yake, na sasa, kwa mshahara wa miezi kadhaa, alinunua vibati viwili. Alimwonyesha kila mteja, na mkewe Aziza alikuja kuviona.

Lakini mji haukuona Arthur akimwaga mchele. Mji ulisikia tu kwamba Kyakimwa alikuwa na moja, sasa ana kumi. Sokoni walimpigia vigelegele, majirani wakaja kumkopa, katekista akamkumbusha zaka. Aliwatukana wote mmoja mmoja, na hilo likawathibitishia kwamba ametajirika. Habari ilifika mpaka kambi ya Kapalata, alikokuwa Zacharie, ambaye alikuwa amejiunga na waasi wa upande wa mojawapo ya majeshi yale ili apate viatu.

Akaja, na bunduki, amekaa nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, pamoja na wazee wa ukoo wakiongozwa na ami yao, tonton Benoît. Walikaa uani, kwenye lupango kama wanavyoita wenyewe, wakaomba maji, wakaulizana habari za afya. Kisha tonton Benoît alikohoa.

"Kwa familia yetu," alisema, "mwanamuke akileta mbuzi mu lupango ya bwana, ile mbuzi iko yake. Hakuna mutu ataigusa. Lakini batoto yenye ile mbuzi inazala mu lupango, iko ya familia ya bwana. Vile tulikuta, vile tutaacha. Kyakimwa, ulikuya na moya. Imezala tisa. Donc, tisa iko ya Zacharie, na moya yako inabaki yako."

Kyakimwa alicheka. Hakupaswa kucheka, lakini nani angejizuia?

"Tonton, nani alizala? Haikuzala! Wameikata. Ukikata mbuzi moya vipande kumi, uko na mbuzi kumi? Uko na nyama ya mbuzi moya, tena yenyewe imekufa! Munataka kubeba nyama yote, muniachie sikio!"

Wazee walitazamana. Neno hilo liliwagusa, na kama Zacharie angenyamaza huenda wangeanza kulifikiri.

"Wewe mwenyewe haukuzala," alisema Zacharie. "Kitu yako imezala, na unaikatalia familia?"

Kyakimwa akamzaba kofi, naye akampiga bega kwa kitako cha bunduki, na alipokuwa chini akampiga mdomo. Aliuvuta waya wa vibati kutoka kiunoni mwa Kyakimwa, akahesabu vibati mbele ya wazee kwa sauti, na cha mwisho akakitupa mavumbini karibu na uso wake.

"Moya ulikuya nayo, moya nimekuachia," alisema. "Mutu asiseme nimekuibia."

Wazee wakaondoka wakiinamisha vichwa. Kyakimwa alitema jino na kumtazama mama mkwe wake. Berthe alikuwa ameketi kwenye kibao chake muda wote, mikono mapajani, na hakusema hata neno. Hilo lilimuuma Kyakimwa kuliko mfupa.

Siku ya kugawana ilipofika alikwenda hivyo hivyo, mkono umefungwa kwa kitenge, beseni kichwani, kwa ukaidi tu. Apollinaire alimpokea bila kumtazama machoni. Kanuni ilikuwa ileile tangu enzi ya mabamba ya shaba: aliye nacho mkononi ndiye mwenyewe. Ilikuwa kanuni nzuri mpaka bunduki zilipoingia. Arthur alimmwagia kopo moja, likatawanyika chini ya beseni, ua jekundu likabaki huko juu peke yake. Arthur alitaka kuongeza konzi kwa huruma, Kyakimwa akamzuia.

Kabla hajatoka, Zacharie aliingia na askari wenzake wawili, wamebeba mabeseni makubwa tisa waliyoyachukua kwa nguvu njiani. Aliweka vibati vyake mezani kwa madaha. Arthur akamwaga makopo tisa katika beseni la kwanza, akafuta jasho, akasimama.

"Ingine," alisema Zacharie.

"Imeisha, chef. Vibati tisa, makopo tisa."

"Unaniona mupumbavu? Na kitu moya, kaka yangu alikuwa anapata beseni muzima! Mimi niko na tisa!"

Apollinaire akaja mbio kueleza. Alieleza vizuri, kwa upole, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na katikati ya maelezo alipigwa usoni, miwani ikaruka, kioo kimoja kikavunjika. Askari mmoja alimkanyaga shingoni. Zacharie akaweka mdomo wa bunduki kwenye sikio lake na kumuuliza ameuficha wapi mchele wa familia yake.

Kyakimwa angeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyekuwa anamtazama. Badala yake alilivuta beseni la Zacharie kwa mkono mzima, akamimina makopo yake tisa juu ya kopo lake moja, na akalisogeza beseni lake la enameli mbele ya mguu wa shemeji yake. Mchele ulikuwa umefika kwenye ua jekundu.

"Tazama, shemeki," alisema. "Hii ndiyo mbuzi. Yote. Hakuna ingine. Ile ya kaka yako ilikuwa hii, na mama yako alikuwa anakula hii. Na sasa umemunyanganya, ukamuachia kopo."

Zacharie alilitambua lile beseni. Alikuwa amekula wali uliotoka humo tangu ujana. Kyakimwa aliona usoni mwake kwamba ameelewa, na kwa dakika moja alidhani ameshinda. Kumbe kuelewa ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana wale askari wawili nao walielewa. Walitazama mabeseni tisa waliyobeba kutoka mbali, wakaanza kucheka, na walicheka wakimtazama Zacharie.

Akafyatua. Hakumpiga Kyakimwa wala Apollinaire, alimpiga Arthur, kwa sababu Arthur ndiye aliyekuwa bado ameshika kopo. Risasi iliingia tumboni. Walikusanya mchele wote uliokuwa ndani, wa kila mwenye hisa, hata ule uliolowa damu, wakaondoka nao. Arthur alilala juu ya pumba, Kyakimwa akimkandamiza tumbo kwa mkono mmoja na goti, na damu ikapita tu kati ya vidole vyake. Alikufa akiulizia vibati vyake. Vilikuwa mfukoni mwake, na Kyakimwa mwenyewe ndiye aliyempelekea Aziza.

Alirudi nyumbani na beseni lenye mabaka mekundu. Berthe alichungulia ndani yake.

"Mwana wako ameubeba wote," Kyakimwa alisema. "Kopo yangu pia."

Berthe akalichukua beseni, akalisugua kwa mchanga mpaka enameli ikaanza kuchubuka. Wakala majani ya muhogo, halafu mizizi, halafu chochote.

Juni 2000 majeshi yale mawili yalipigana tena, na safari hii hayakuacha mtaa. Mabomu yalipita juu ya Kabondo yakienda, na mengine yakirudi, na mengi hayakufika yalikotumwa. Jirani yao, mwalimu mmoja na wanawe, waliangukiwa na ukuta. Mbwa walianza kutembea na vitu ambavyo Kyakimwa hakutaka kuvitazama mara mbili. Yeye na Berthe walilala chini ya kitanda, magodoro juu, wakinywa maji ya mvua, wakisali, na kati ya sala na sala Kyakimwa aliwalaani wote waliokuwa na bunduki, kwa majina aliyoyajua na asiyoyajua.

Upande wa Zacharie ulipoanza kurudi nyuma, mlango ulisukumwa na yeye akaingia akitambaa. Hakuwa na bunduki tena. Kipande cha bomu kilikuwa kimempasua paja na ubavu, na alikuwa ameushika ubavu wake usimwagike. Waya ulikuwa shingoni, na vibati tisa.

"Yaya Kyakimwa," alisema, kama anayemwita dada mkubwa. "Unibebe. Unipeleke kwa hospitali. Wewe unajua kubeba."

Alijua kweli. Wanawake wa Lubero hubeba mzigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na Kyakimwa aliwahi kubeba gunia la chumvi hivyo huku wanaume wakipisha njia.

"Na bega gani?" alimjibu. "Ulilivunja wewe."

"Nitakurudishia vibati. Vyote. Ukinifikisha, nitakupa."

Hapo Berthe alitoka chini ya kitanda. Alitoka polepole, kwa magoti, mwanamke mzima wa mvi, mabomu yakilia, akaenda mpaka alipolala mwanawe wa mwisho.

"Unataka kumulipa na mbuzi yake?" alisema. Alikunjua waya uliokuwa umegandamana na damu shingoni mwa Zacharie, akautoa, naye Zacharie akamtazama kama mtoto anayenyang'anywa. "Siku ile nilinyamaza. Niliogopa usikuye tena kuniona. Nilinyamaza na Arthur akakufa." Akauweka waya mkononi mwa Kyakimwa na kukifunga kiganja chake kwa mikono yake miwili. "Iko yako. Umubebe ao umuache, iko yako. Sasa mimi ninakuomba, mwana wangu. Si yeye anaomba."

Kyakimwa alimchukia Zacharie siku ile kwa moyo wake wote, na hakujifanya vingine hata alipokuwa anatafuta mkanda. Berthe alimsaidia kumwinua. Bega lilipiga kelele, naye alipiga kelele pamoja nalo, akatoka ameinama, mkanda ukimkata paji, damu ya shemeji yake ikimteremkia miguuni. Alimpita mwendesha toleka aliyekufa bado ameshika usukani. Bomu lilianguka mbele, akageuka, akapita uchochoro mwingine. Zacharie alikuwa anasema kitu masikioni mwake, labda jina la Édouard. Kabla ya barabara ya lami alinyamaza, na Kyakimwa alihisi mzigo ukibadilika mgongoni, akajua. Alimlaza chini ya ukuta, akamtukana, akalia. Kisha akambeba tena na kumrudisha kwa mama yake.

Vita vilipokwisha wenye hisa walichimba chuma cha mashine chini ya matofali. Paa halikuwapo tena, lakini injini ilikubali. Wakulima wachache walileta mpunga. Apollinaire, na miwani yake ya kioo kimoja, aliwaita wenye vibati waje kuvionyesha, na Kyakimwa akaweka mezani vyake vyote kumi, kimoja safi na tisa vyenye madoa ambayo mchanga haukuyatoa.

Waliokuja hawakufika nusu.

"Batu bamekufa," alisema Apollinaire kwa uchovu. "Bengine bamekimbia. Nimefikiri hivi: vibati vya wafu tuvifute. Mchele ugawanywe kwa benye wako hai. Mama Kyakimwa, wewe uliteseka kupita sisi wote. Ile siku tulikata, haukuongezewa kitu, nilikuambia kweli. Lakini leo, tukivifuta, sehemu yako itakuwa kubwa. Kweli kweli."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa kweli, na Kyakimwa aliiona kweli hiyo waziwazi. Kelele zote zile, vigelegele, wazee, bega, jino, vyote vilikuwa kwa ajili ya ongezeko ambalo halikuwapo, na hili sasa lilikuwapo. Angelirudi kwa Berthe na beseni lililofurika. Alikuwa na njaa, na aliutaka mchele ule. Alisimama pale alipofia Arthur, na pumba mpya ilikuwa imeanza kurundikana.

Nje, kwenye jua, Aziza alikuwa ameketi na sufuria ndogo. Hakuna aliyemwita ndani.

"Papa Apollinaire," alisema Kyakimwa, "mimi nilikuya na mbuzi moya. Munipe mbuzi moya. Ile ya Arthur iko ya Arthur." Akageukia mlangoni na kupaza sauti. "Aziza! Ingia na vibati yako. Uanze wewe."